Yai Juu ya Gololi

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nalisema hili mapema ili tuelewane. Nimekulia Kariakoo, mama yangu akiwa mchambua nafaka, shule nikaishia darasa la nne, na leo nina maghala matatu na vijana kumi na wanne wanaoniita bosi. Wawili kati yao wana digrii na bado wananiuliza mimi gunia lipi linunuliwe. Nimewahi kuuziwa mchele wenye changarawe ambazo mtu alikaa chini akazichagua moja moja zifanane na mchele. Sikushangaa, nilimpongeza. Nimeona maji ya Jangwani yakibeba magunia yangu ishirini, yakaondoka yanaelea kama viboko, nami nimesimama juu natafuna karanga. Mtu aliyelelewa na soko hili hababaiki.

Basi asubuhi moja mwaka huu nilikuwa kwenye baraza ya ghala langu kubwa, nimelishika gunia la mtu pembe zake mbili za chini, nikalimwaga lote sakafuni kwa hasira. Zilikuwa kunde. Zilimwagika kwa ile sauti ya mvua inayoanza juu ya bati, halafu harufu ikapanda. Kama hujawahi kukaa karibu na kunde zilizoingiwa na fukusi, sijui nikueleze vipi. Ni harufu tamu kidogo, nzito, ya vuguvugu, kama mafuta ya kupikia yaliyosahaulika kwenye sufuria halafu yakafunikwa na gunia la katani lililonyeshewa. Na kunde hizo hupata joto. Ukizamisha mkono unaona kama umeuingiza kwenye mfuko wa suruali ya mtu mwingine.

Harufu ile ikanishika. Ghafla nilikuwa na miaka tisa, nimesimama nyuma ya kanga ya mama. Hasira ya gunia lile nitakueleza mwishoni ilitoka wapi. Kwanza twende huko.

Mama alitoka Newala mimi nikiwa mgongoni. Baba alikuwa ameshaondoka. Wengine walisema yuko Mtwara, wengine walisema yuko kwa mke mwingine. Tulipanga chumba Gerezani, karibu na reli, ambako treni ikipita vikombe vilisogea vyenyewe mezani. Kila alfajiri tulitembea hadi kwenye ghala la Mzee Kitwana, ambaye soko zima lilimwita Tajiri. Pale barazani walikaa wanawake sita na nyungo zao, wakipepeta na kuchambua choroko, kunde na mbaazi zilizoshuka kutoka kusini, wakilipwa kwa gunia. Mama Shaibu, maana Shaibu ndiye mimi, alikuwa hodari kuliko wote. Wenzake walichambua kwa macho. Yeye alichambua kwa vidole, macho yako barabarani akiangalia nani amepita na nani.

Ndiye aliyenifundisha fukusi. Ni mdudu mdogo, kahawia, mwenye mabaka, mkubwa kidogo tu kuliko chembe ya mtama. Mama alikuwa akimshika jike mmoja, anamweka kwenye ungo katikati ya kunde chache, ananiambia nikae kimya nitazame. Nami nilitazama mpaka shingo ikaniuma. Yule jike hapandi punje ya kwanza akataga. Huizunguka. Huipapasa kwa vipembe vyake, huburuza mkia wake juu yake kama mtu anayepima kitambaa. Punje ikiwa na makunyanzi, hushuka, huenda kwa nyingine. Anataka laini, ya mviringo, yenye tumbo. Akiridhika husimama kimya kidogo, akiondoka unaona ameacha kitone, kwanza king'aavu kama mate, baadaye cheupe kama chokaa. Hilo ni yai, amelibandika na haling'oki.

Na kuna jambo moja lililonistaajabisha. Akikuta punje ina kitone cha mwenzake, hageuki mara mbili, anashuka. Nilimuuliza mama anajuaje. Akasema anapapasa, akikuta nyumba ina mtu anaondoka, maana punje moja ni chakula cha mtoto mmoja. Mtoto hutoboa kuingia ndani, hula humo humo, hukua humo humo, na siku ya kutoka hukata kidirisha cha duara. Huko ndani hakuna wa kumsaidia.

"Mama yake hamwoni akikua," mama alisema. "Hamnyonyeshi, hamfundishi. Kazi yake yote kwa mwanawe ni kumchagulia punje. Akikosea hapo, amekosea yote."

Nilidhani ananisimulia habari za wadudu. Mtoto wa miaka tisa, utadhani nini kingine?

Sisi watoto wa pale tulikuwa na matumizi yetu ya fukusi: tuliwashindanisha mbio. Unachora mstari kwa mkaa, kila mtu anamweka wake, anayevuka kwanza anashinda. Mimi nilikuwa bingwa, na si kwamba najisifu. Ushindi wangu ulitoka kwenye kopo la maziwa ya unga nililolitoboa kifuniko kwa msumari mwembamba, tundu ndogo za kupitisha hewa tu. Humo nilifuga wakimbiaji wangu, na humo humo nilificha gololi zangu tatu, kwa sababu wakubwa wa mtaani kwetu walikuwa wakinyang'anya gololi kama kodi. Moja ilikuwa ya buluu yenye uzi wa rangi ndani kama jicho la paka, moja ya kijani kama chupa, na moja nyeupe kama maziwa, imebanjuka kidogo ubavuni. Mama alininunulia sikukuu ya Idi, akachelewa kodi ya chumba wiki nzima kwa ajili yake.

Chakula cha fukusi wangu nilikipata wapi? Sakafuni mwa ghala la Tajiri. Nilizoa kiganja cha choroko zilizomwagika chini ya magunia, nikazitia koponi pamoja na fukusi waliokuwa wakitembea juu yake. Hapo ndipo penye jambo. Tajiri alikuwa na sheria moja aliyoitaja kila Jumatatu: kinachoanguka ni cha kwangu. Zilizofagiliwa ziliuzwa kwa wafuga kuku. Kabla ya hapo kidogo kijana mmoja mbeba mizigo alikutwa na choroko za sakafuni mifukoni. Mtu mmoja tu alitamka neno mwizi, wala hakulitamka kwa sauti kubwa. Soko likamjia kama maji. Niliona shati lake limebaki barabarani, na kwa muda mrefu nilipita upande wa pili wa barabara nisilikanyage doa la damu yake.

Kwa hiyo kopo langu lilikuwa siri. Na sehemu salama kuliko zote niliyoijua duniani ilikuwa gunia la mama.

Gunia lenyewe lilikuwa na habari yake. Mjomba, kaka yake mama, alilituma kutoka Newala, kilo mia za kunde, na jina la mama limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu. Lilikuwa gunia la kwanza la kwake maishani. Alikusudia kuliuza kwa vibaba, apate meza yake sokoni, aache kuchambua vya watu. Kila jioni kabla ya kuondoka alilipapasa kama mtu anayemuaga ng'ombe wake. Tajiri alimruhusu aliweke pembeni mwa ghala, limeegemea magunia yake ya choroko, na mama alimshukuru kwa magoti. Siku chache baadaye nilifungua mshono kidogo, nikalizamisha kopo langu, nililokuwa nalo tangu mwezi uliotangulia, katikati ya kunde, nikashona tena kwa sindano ya mama. Nilishona vizuri. Mpaka leo nashona gunia kuliko kijana yeyote ninayemlipa.

Zikapita kama siku kumi, akaja mnunuzi na lori, kuchukua magunia sitini ya choroko. Lori liliachwa linanguruma nje. Mtu wake alikuwa na bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji kinachochomwa gunia ili kutoa punje za ndani. Akachoma gunia la kwanza. Akamimina kiganjani. Juu ya zile choroko, fukusi watatu wakawa wanatembea bila haraka, kama wenye nyumba.

Nyungo zikasimama.

Mnunuzi hakufoka. Alisema tu kwamba hapakii mpaka ajue hawa wadudu wametokea wapi. Kama ni choroko zenyewe zimeharibika tangu ndani, anaondoka na lori tupu. Kama wameambukizwa juu juu na jirani, mstari wa nje utapigwa dawa, mengine atapakia. Niliona macho ya Tajiri yakitembea polepole ghalani, yakiruka gunia hadi gunia, mpaka yakatua kwenye rangi nyekundu.

Akasema kabla ya gunia la Newala kuingia humu hapakuwa na mdudu hata mmoja. Akasema lichomwe nyuma ya ghala sasa hivi, na Mama Shaibu asikanyage tena baraza ile. Wala zingine, akaongeza, maana atawaambia wenzake wote; nani atampa ungo mwanamke anayeingiza fukusi kwenye maghala ya watu? Alilisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitia baridi. Mtu aliyekasirika unaweza kumsubiri apoe.

Nami nilikuwa najua kitu ambacho hakuna mwingine alikijua. Nilijua kwamba fukusi wameingia kwenye lile gunia kwa mkono wangu. Kopo langu, kwa akili yangu ya miaka tisa, ndilo lililoiangamiza mali ya Tajiri na mama yangu kwa pamoja.

Mama alisimama. Akajifunga kanga kiunoni.

"Tajiri, naomba nyungo mbili," akasema. "Kabla hujachoma, tuwaulize wenyewe."

"Akina nani?"

"Hao fukusi."

Palikuwa na mbeba mizigo mmoja mchekeshaji, Ngwale, jitu la miraba minne. Yeye akauliza, wakijibu kwa Kimakonde nani atatafsiri? Watu wakacheka, hata mnunuzi akatabasamu, na nadhani kicheko kile ndicho kilichompa mama nafasi. Zikaletwa nyungo. Akachukua kiganja kutoka gunia lake, upande uliogusana na choroko, akatia ungo wa kwanza. Akachukua kiganja cha choroko za Tajiri, akatia wa pili. Akapiga magoti, akamwita mnunuzi aje karibu.

Nikamsikiliza akimweleza mnunuzi yale yale aliyonifundisha mimi. Kwamba jike la fukusi hatagi kwenye punje yenye yai la mwenzake, punje tupu zikiwepo. Basi hesabu vitone. Kwenye kunde zake, punje nyingi zilikuwa tupu kabisa, na zenye kitone zilikuwa na kimoja kimoja. Hakuna hata tundu moja la kutokea. Kwenye choroko, punje moja ilikuwa na vitone vitatu, nyingine vinne, nyingine vitano vimebanana, na punje baada ya punje imetobolewa vile vidirisha vya duara.

"Huku wamejaa mpaka wanakaliana," mama akasema, akigusa ungo wa choroko. Kisha akagusa wa kunde. "Huku ndo kwanza wanapiga hodi. Sasa nani kahamia kwa nani?"

Mnunuzi akaokota punje moja, akaiinua kwenye mwanga. Akaokota ya pili. Mmoja wa wale wanawake watano akaguna, ule mguno wa kuafiki. Nilimwona Tajiri akilamba midomo. Kwa muda mfupi, ndugu zangu, mama yangu alikuwa ameshinda. Mwanamke asiyejua kusoma, mbele ya lori linalonguruma, alikuwa amemshinda mtu mwenye magunia sitini.

Tajiri akasema kiganja si gunia. Limwagwe lote.

Nilitaka kusema nina mkojo, nilitaka kusema treni, moto, chochote. Ngwale akaukata mshono, mshono wangu, akalipindua gunia barazani. Kunde zikamwagika kwa ile sauti ya mvua, harufu ikapanda, na katikati ya sauti ile laini pakasikika kitu kigumu kikigonga saruji. Kopo likabingirika mpaka miguuni pa Tajiri, kifuniko kikafunguka.

Kwanza zikatoka choroko, kama hamsini, zote zimetobokatoboka. Halafu fukusi, wengi, wazima na wafu. Halafu gololi zangu tatu, taratibu, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa zimejaa vitone vyeupe. Ile ya buluu ilikuwa kama imenyunyiziwa chokaa. Fukusi walikuwa wametaga kwenye kioo.

"Choroko zangu," Tajiri akasema. "Zinafanya nini kwenye gunia lako?"

Nje, vijana wawili wa mkokoteni walikuwa wamesimama kutazama, na nyuma yao mwingine, na mwingine. Nililijua kundi la namna ile. Tajiri akanigeukia, akainama mpaka nikanusa tumbaku yake, akaniuliza kama kopo lile nalijua.

"Silijui," nikasema. "Shikamoo."

Watu walicheka, maana nilikuwa nimemsalimia asubuhi. Nilirudi nyuma ya kanga ya mama.

Mama aliiokota ile gololi ya maziwa. Akaigeuza kwa vidole vyake, polepole, mpaka akafika kwenye ile sehemu iliyobanjuka. Akasimama hapo. Nilimwona akiangalia vitone, akaangalia choroko zilizotoka koponi, akaangalia lile kundi nje. Hakuniangalia mimi.

"Kopo ni la kwangu," akasema.

"Na choroko?"

"Nilizoa mimi."

"Na gololi?"

"Nazo."

"Unacheza gololi, Mama Shaibu?"

"Nikipata nafasi."

Kicheko kilichofuata kilisikika nadhani mpaka Mnazi Mmoja. Ngwale alijishika tumbo. Na watu wanaocheka hivyo ni vigumu kuwageuza wampige mtu. Kundi la nje likacheka nalo, likatawanyika. Lakini kesi ilikuwa imekwisha. Mwanamke aliyezoa choroko za tajiri wake ni nani atayaamini maelezo yake ya vitone? Mnunuzi alipakia hamsini na mbili, manane ya mstari wa nje yakabaki kupigwa dawa. Kunde za mama zilibaki kwa Tajiri kama fidia. Mama hakuomba chochote isipokuwa gololi. Ngwale mwenyewe alizikusanya, akazifuta kwa shati, akampa kwa mikono miwili, na hakuwa anacheka tena.

Nilisubiri kipigo siku tatu. Nilikisubiri tukitembea kurudi Gerezani, nilikisubiri akisonga ugali, nilikisubiri usingizini. Hakikuja. Hakuniuliza kitu hata kimoja. Siku ya nne alinivalisha shati la Idi tukaenda Buguruni, ambako jina lake lilikuwa halijafika, akaanza kunitafutia mahali pa kukaa na kufanya kazi.

Sasa hapa ndipo kwa miaka mingi nilimwona mama yangu mjinga, na nasema hivyo nikiwa na aibu. Tulipita maduka mawili, matatu. Kwenye kila duka alisimama nje kwanza, akatazama nani yumo. Kuna duka moja sitalisahau: lilikuwa na vioo, sakafu ya vigae, feni linazunguka, na mwenyewe akanipenda palepale, akasema vijana alionao ni wawili, wa tatu hatakosa kazi. Moyo wangu ulishaingia ndani ukakaa. Mama akapitisha kiganja chake juu ya kile kioo cha meza, taratibu, kwenda na kurudi. Akamshukuru yule bwana, tukaondoka. Nilimuuliza kwa nini, nikalia njia nzima. Akasema pale pana watoto tayari.

Alinipeleka kwa Bi Mwanahawa, mjane mzee, hana mtoto, kibanda cha mbao zisizopigwa hata randa, anauza kunde na choroko kwa vibaba. Mama akaipapasa ile meza, kibanzi kikamchoma, akakitoa kwa meno. Akakaa na yule bibi tangu asubuhi hadi adhuhuri wakiongea habari za mvua za kusini. Kisha akaniambia, hapa.

Kwa Bi Mwanahawa nilijifunza kupima, kununua, kunyamaza mnunuzi anapotaja bei. Hakuwa na mwingine wa kumfundisha, hivyo alinifundisha mimi yote. Alipofariki aliniachia kibanda, na kutoka kibanda kile ndipo nilipopanda hadi hapa mnaponiona. Wale wawili wa duka la vioo nilikuja kuwakuta ukubwani, bado wanagombania feni. Na kila nilipoalikwa kusema neno kwenye harusi au msiba nilisema vilevile: mimi nimejitengeneza mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono.

Mama alifariki miaka sita iliyopita. Kwenye sanduku lake la bati, chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga kilichofungwa fundo, nilikuta gololi tatu. Vile vitone bado vimeng'ang'ania. Nilikaa nazo kitandani pake mpaka muadhini akaita, na ndipo hesabu ikanijia, mimi ninayejua hesabu.

Jike la fukusi hatagi kwenye kioo kama ana punje. Hutaga kwenye kioo pale tu punje zote zimeshajaa mayai na hana tena pa kwenda, na yai lile linakufa, maana laini lipo, mviringo upo, lakini ndani hakuna chakula. Wale wa koponi kwangu walikuwa wamebanana kupita kiasi, na walitoka sakafuni mwa ghala la Tajiri kabla gunia la Newala halijapanda lori. Tundu za kifuniko zilikuwa ndogo kuliko fukusi mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyetoka. Kopo lile halikuwa kosa la mama. Lilikuwa shahidi wake, bora kuliko nyungo mbili. Alihitaji kusema sentensi moja: mwanangu aliziokota ghalani kwako mwezi uliopita, tazama zilivyokuwa tayari zimejaa. Angerudishiwa gunia. Angepata meza yake. Na mimi ningebaki pale barazani na lile neno mwizi kichwani, na vijana wa mkokoteni wakinitazama.

Aliyapima yote hayo kwa muda wa kugeuza gololi mara moja.

Sasa turudi kwenye baraza yangu. Gunia nililolimwaga asubuhi ile lilikuwa la Mama Neema, mchambuaji wangu, ametumiwa na ndugu zake, nami nilimruhusu aliweke pembeni mwa choroko zangu. Mnunuzi wangu alikuwa amekuta wadudu kwenye sampuli ya choroko zangu. Nami nikasema, kwa mdomo wangu huu, kwamba kabla ya gunia lako humu hapakuwa na mdudu. Nililisema kwa upole.

Harufu iliponiachia, Mama Neema alikuwa amepiga magoti anazikusanya kunde zake kwenye kanga. Nikapiga magoti na mimi. Suruali yangu ya kadeti, vijana wangu wa digrii wamesimama wananitazama. Nikaokota punje: kitone kimoja. Nyingine: hakuna. Nyingine: kimoja. Nikainuka, nikachoma bambo kwenye gunia langu mwenyewe, nikamimina kiganjani. Vinne. Vitano. Vitatu na tundu.

Simu ya mnunuzi ilikuwa inaita mfukoni mwangu. Ningeweza kuiacha. Mstari wa nje upigwe dawa, mengine yapakiwe, Mama Neema aende zake. Hakuna ambaye angehesabu vitone. Nikaipokea. Nikamwambia choroko ndizo zenye wadudu, zimekuwa nao muda mrefu, asilete lori. Halafu nikamwomba Mama Neema radhi mbele ya watu wote, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya, na ulimi ulikuwa mzito kama umeshonwa.

Magunia kumi na tisa ya choroko niliyowaachia wafuga kuku kwa bei ya makapi, gunia moja la kunde nililomlipa Mama Neema kwa bei ya sokoni, na mkokoteni wa kuyahamisha: hasara yangu yote shilingi milioni tatu, laki nane na thelathini na saba elfu.